Waliobatizwa kwa Mtindi

Hakuna kibao mlangoni. Unashuka ngazi, unakuta chumba cha chini ya ardhi, mapipa ya mvinyo yamepangwa ukutani, meza chache, na harufu ya dengu. Mahali hapa panaitwa Diporto, maana yake milango miwili, na pako jirani na soko kuu la Varvakios katikati ya Athens, pale ambapo wauza nyama na samaki wanaitana kwa sauti kama wako Kariakoo. Menyu hakuna pia. Mwenye sufuria anakuja, anakutazama, kisha anakuletea alichopika siku hiyo: dengu zilizolainika kwenye mafuta ya zeituni, samaki wadogo wa kukaanga, saladi, mkate. Ukiwa peke yako, kama nilivyokuwa mimi, unaketishwa meza moja na watu usiowajua.

Nilikuwa Athens kikazi kwa siku nne, na posho yenyewe ilikuwa ya kubana. Nilitafuta pa kula kwa bei nafuu, basi, sikuwa na hoja nyingine. Lakini nilipomega mkate wa kwanza nikasema moyoni: huyu ni mama ntilie. Ni mwanaume mwenye ndevu na aproni, lakini ni mama ntilie. Unakula kilichopo, unakaa na yeyote aliyepo, unalipa, unaondoka.

Hapo ndipo nilipomkumbuka babu.

Babu yangu mzaa mama alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki mkoani Tanga. Katika utoto wangu neno "Mgiriki" halikuwa na maana ya Homer wala Aristotle. Maana yake ilikuwa bwana shamba. Babu alikuwa na kisa kimoja alichokirudia kila Pasaka. Kila mwaka, siku ambayo mara nyingi haikuwa Pasaka yetu, maana kalenda yao ni tofauti, Mgiriki alichoma kondoo mzima juu ya makaa, na vijana wawili walipewa kazi ya kumzungusha tangu alfajiri. Mwaka mmoja babu alikuwa mmoja wao.

"Babu, ulikula?" tulimuuliza.

"Nilizungusha, mjukuu wangu. Kuzungusha na kula ni kazi mbili tofauti."

Tulicheka kila mara, naye alicheka. Ila pale Diporto, nikiwa na bakuli la dengu mbele yangu, sikuona kichekesho. Nilijiuliza swali ambalo limenisumbua tangu siku ile: hawa watu ninaokula nao bega kwa bega na yule bwana aliyemweka babu mbali na meza, ni watu wamoja? Chakula hiki cha watu wa kawaida kimetoka wapi?

Tuanze na maneno, kwa sababu maneno hayafichi kitu. Ukiwa Athens ukaagiza suvlaki, kwa kawaida utaletewa mkate wa pita uliokunjwa, ndani una nyama, nyanya, kitunguu na mtindi. Ile nyama ya kwenye kijiti, ambayo wewe na mimi tungeiita mishkaki bila kufikiri mara mbili, wenyewe wanaiita kalamaki. Nenda Thessaloniki, kaskazini, utacheka: huko suvlaki ndiyo ya kwenye kijiti, na kalamaki ni mrija wa kunywea soda. Watu wa miji hii miwili wanataniana kwa jambo hili kama Simba na Yanga.

Kalamaki maana yake ni tete dogo. Kalamos ni tete. Neno hilohilo liliingia katika Kiarabu likawa qalam, kwa sababu watu walichonga matete wakaandikia, na sisi huku pwani tukalipokea: kalamu. Kwa hiyo kijiti kinachoshika nyama Athens na chombo kilichotulisha sisi waandishi ni ndugu wa tumbo moja. Nilipogundua hilo niliacha kula kwa dakika nzima.

Tena si hilo tu. Katika Ugiriki ya kale, sindano ya chuma ya kuchomea nyama iliitwa obelos, na kutokana nayo likapatikana jina la sarafu ndogo, obolos. Obolos sita zilifanya drakma moja, na drakma maana yake ni konzi, kiasi ambacho mkono mmoja unaweza kushika. Yaani fedha ya Wagiriki, iliyodumu kwa jina hilo hadi noti za yuro zilipoingia mikononi mwa watu mwaka 2002, ilikuwa na jina lililotokana na konzi la sindano za mishkaki. Kwenye kisiwa cha Santorini, katika mji wa Akrotiri uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3500 iliyopita, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vihimili vya mawe vyenye pengo juu za kulazia sindano za nyama, na matundu chini ya kupitisha hewa kwenye makaa. Muuza mishkaki wa Forodhani angekielewa chombo hicho bila mkalimani.

Wagiriki wanapenda sana hadithi hii ya kale, na wana haki. Lakini ukiishia hapo utadhani chakula hiki kimeshuka moja kwa moja kutoka Akrotiri hadi kwenye kibanda cha leo. Sivyo. Kati yake kuna moto, meli na watu waliofukuzwa.

Mwezi wa Septemba 1922, mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, uliteketea. Jeshi la Ugiriki lilikuwa limeingia Anatolia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, likashindwa, na raia Wakristo walikimbilia gatini huku mji ukiwaka nyuma yao. Tarehe 30 Januari 1923, huko Lausanne, serikali mbili zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Soma tena: kubadilishana watu, kama mizigo. Wakristo takriban milioni 1.2 waliishia Ugiriki, nchi iliyokuwa na watu milioni 5 hivi. Waislamu wasiopungua 350,000 walipelekwa Uturuki. Kipimo hakikuwa lugha wala asili bali dini. Wakristo waliojua Kituruki tu wakaitwa Wagiriki. Waislamu wa Krete waliojua Kigiriki tu wakaitwa Waturuki. Hakuna aliyewauliza.

Huko Athens, ukumbi wa maigizo wa manispaa ulijaa wakimbizi, na picha za wakati ule zinaonyesha familia moja katika kila kibaraza ambacho zamani matajiri walikaa kusikiliza opera. Wengi waliofika walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa sababu wanaume wengi walikamatwa na kupelekwa katika vikosi vya kazi za sulubu, na wengi hawakurudi. Vitongoji vipya viliota pembezoni mwa Athens na bandari yake ya Piraeus, na vilipewa majina ya kwao: Nea Smyrni, Smyrna Mpya, Nea Ionia, Ionia Mpya. Ndivyo mtu aliyefukuzwa anavyofanya. Anachukua jina la mahali alipotoka, anaongeza neno "mpya", anajaribu kulala.

Mtu asiye na ardhi wala ndugu, lakini anajua kupika, atafanya nini? Swali hili hatuhitaji kwenda Ugiriki kulijibu. Atatafuta mkaa, sufuria na kona ya barabara. Wagiriki wa Anatolia na Waarmenia waliokimbia pamoja nao walikuja na kababu, na vitoweo vya miji mikubwa, na tabia ya kula nje, barabarani, usiku. Walikuja na sutsukakia, vinyama vya kusaga vilivyoviringwa kama kidole, vyenye kitunguu saumu na bizari nyembamba, ndani ya mchuzi wa nyanya. Mpaka leo ukiona bizari nyembamba kwenye sahani ya taverna, mara nyingi unaonja Smyrna.

Na wenyeji waliwapokeaje? Waliwaita "mbegu za Waturuki". Waliwaita pia "waliobatizwa kwa mtindi". Hili la pili lilinikaa kichwani, kwa sababu ni tusi la jikoni. Maana yake: nyie si Wakristo wa kweli, ubatizo wenu haukuwa wa maji, ulikuwa wa kile mnachokula. Sasa mwulize mtu yeyote duniani, London au Chicago au Dubai, chakula cha Kigiriki kina ladha gani. Atakutajia tsatsiki, mtindi mzito wenye tango na kitunguu saumu, tena jina lake lenyewe linafanana na la Kituruki, cacık. Tusi limegeuka nembo ya taifa. Sijui kama wale wanawake wa Nea Ionia wangecheka au wangelia.

Wakati huohuo palikuwa na vita vingine, vya vitabu. Mpishi mmoja aitwaye Nikolaos Tselementes, aliyefanya kazi katika hoteli kubwa za Ulaya na Marekani, aliandika kitabu cha mapishi katika miaka ya 1920 ambacho kiliingia karibu kila nyumba ya watu wenye uwezo, hata neno "tselementes" likawa na maana ya kitabu cha mapishi. Nia yake ilikuwa kusafisha jiko la Kigiriki: kupunguza viungo na kitunguu saumu, kuondoa kile alichokiona ni cha Mashariki, na kuingiza Ufaransa. Yeye ndiye aliyeipa musaka, mabiringanya na nyama ya kusaga, lile tabaka jeupe la mchuzi wa maziwa juu yake. Leo mtalii anaila musaka akidhani anakula kitu cha zama za Socrates, kumbe lile blanketi jeupe lina umri wa bibi yake.

Basi kukawa na majiko mawili. Moja la kitabu, lililotaka kusahau. Jingine la mtaani, lililokuwa na njaa na halikuwa na muda wa kusahau. Lililoshinda katika mambo ya bei rahisi unalijua, kwa sababu ndilo linalonuka usiku katika kila mji wa Ugiriki. Ile nyama inayozunguka kwenye mti wa chuma inaitwa yiro, yaani mzunguko. Kituruki ni döner, kizungukacho. Shawarma, ambayo Dar es Salaam inauzwa kila kona, ni neno la Kiarabu lililotokana na neno la Kituruki lenye maana hiyohiyo, kuzungusha. Mataifa matatu yaliyochinjana yanakula chakula kimoja chenye jina moja kwa lugha tatu, na kila moja linaapa ni lake. Tofauti kubwa ni kwamba Ugiriki mara nyingi ni nguruwe. Hata kahawa haikupona: ilikuwa ikiitwa ya Kituruki, lakini baada ya Uturuki kuivamia Kupro mwaka 1974 ikawa kahawa ya Kigiriki. Kikombe kilekile, kahawa ileile, mashudu yaleyale chini.

Kisha ikaja njaa. Majeshi ya Hitler na washirika wake yaliivamia nchi mwaka 1941, yakachukua chakula, Waingereza nao wakazuia meli zisiingie, na majira ya baridi ya 1941 kuingia 1942 watu walianguka barabarani Athens na Piraeus. Walikufa makumi ya maelfu katika miji hiyo miwili peke yake. Mwaka 1942, huko Oxford, kikundi cha watu kiliunda kamati ya kushinikiza serikali ya Uingereza iruhusu chakula kipite kuwafikia Wagiriki. Kamati hiyo ndiyo Oxfam. Ndiyo, hiyohiyo ambayo magari yake tumeyaona kwetu tangu utotoni. Ilizaliwa kwa ajili ya Wazungu wenye njaa. Nilisoma shule mpaka chuo kikuu na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hivyo.

Wakati huo maelfu ya Wagiriki wa visiwani walivuka bahari kwa mashua ndogo kuelekea Uturuki, wakapelekwa kwenye kambi za Syria, Palestina na Misri, na wengine mpaka Kongo ya Wabelgiji. Aleppo iliwapokea Wagiriki. Weka hilo mfukoni, tutalirudia.

Wengine walikuwa wamekwishaondoka zamani kwenda Marekani, mamia ya maelfu, tangu miaka ya 1890. Huko walianza na mikokoteni ya peremende, kung'arisha viatu na kuosha vyombo, kisha vimgahawa. Halikuwa jambo la amani. Mwaka 1909 kundi la watu liliwashambulia Wagiriki wa South Omaha, likachoma nyumba na maduka, likawafukuza mjini. Agosti 1918 huko Toronto, Kanada, makundi yaliyoongozwa na askari waliorudi vitani yalivunja migahawa ya Wagiriki mmoja baada ya mwingine kwa siku kadhaa. Mwaka 1924 sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani iliwatengea Wagiriki nafasi 100 kwa mwaka. Mia moja! Wakati ule nchi yao ilikuwa imejaa wakimbizi zaidi ya milioni.

Waliobaki waliendelea kukaanga mayai. Ilipofika katikati ya karne, migahawa mingi ya bei nafuu ya New York ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, kiasi kwamba mwaka 1963 kampuni moja ya vikombe ilitengeneza kikombe cha karatasi cha rangi ya buluu na nyeupe, chenye picha ya mtungi wa kale na maneno ya kusema tunafurahi kukuhudumia, makusudi ili wenye migahawa wakinunue. Aliyekibuni, Leslie Buck, hakuwa Mgiriki. Alikuwa Myahudi kutoka Czechoslovakia aliyenusurika kambi za Wanazi. Mkimbizi alibuni kikombe cha wahamiaji, na kikawa alama ya mji.

Mpaka hapa hadithi ni tamu. Wanyonge, sufuria, uvumilivu. Ningeweza kuishia hapa na ungeipenda. Lakini babu yangu hayumo.

Wagiriki walikuja kwetu pia. Walikuja enzi ya Mjerumani kama makandarasi na mafundi wa kujenga reli, kisha wakaingia kwenye mkonge, kahawa na tumbaku. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani laki 2 za mkonge, ikiongoza duniani, na sehemu yake ilitoka kwenye mashamba ya Wagiriki. Wazee wa Dar wanalijua jina la Arnautoglo kwa sababu ya ukumbi wa Mnazi Mmoja. Ni jina la George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki aliyeutoa. Humo ndimo Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953. Litazame jina lenyewe: arnaut ni Mualbania kwa Kituruki, oglu ni mwana wa. Mgiriki mwenye jina la Kituruki lenye maana ya mwana wa Mualbania, ukumbi wake uko uswahilini, ndani yake tunadai uhuru. Nani amebatizwa na nini hapo?

Lakini katika koloni rangi ilitosha kumpandisha mtu daraja. Aliyeitwa mbegu ya Mturuki Piraeus, ambaye Toronto angevunjiwa vioo, akifika Tanga alikuwa bwana. Waingereza walimdharau kidogo, hawakumkaribisha kila klabu, lakini hakuna aliyemwambia akate mkonge. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mashamba mengi ya mkonge, na Wagiriki wengi wakafunga virago. Nimesikia wajukuu wao wakieleza hilo kama kufukuzwa kwa mara nyingine, na siwezi kuwazuia wasilie. Ila kuna aliyezungusha kondoo na kuna aliyekula. Historia ya mateso ya mtu haimfanyi mwema kiotomatiki, wala ubaya wa bwana mmoja haufuti njaa ya 1941. Nimejaribu kuyajumlisha haya mawili mara nyingi, jibu haliji. Nimeamua kuyabeba yote.

Nchi yenyewe ilianguka tena. Baada ya mgogoro wa madeni ulioanza mwishoni mwa 2009, uchumi wa Ugiriki ulipungua kwa karibu robo, na mwaka 2013 wasio na ajira walizidi asilimia 27. Maduka mengi yalifungwa, lakini pita yenye nyama ilibaki, kwa sababu ndicho chakula cha nje ambacho familia iliyobanwa bado ingeweza kununua. Na katikati ya shida hiyo, mwaka 2015, watu zaidi ya laki 8 walivuka bahari kutoka Uturuki kuingia visiwa vya Ugiriki, wengi wao Wasyria. Baadhi walitoka Aleppo. Njia ileile, mashua ndogo zilezile, ila zimegeuka upande. Kule Lesbos kuna wazee wengi ambao wazazi wao walifika 1922, na kuna waliokwenda ufukweni na blanketi. Kuna pia waliokwenda na matusi, na matusi yenyewe hayakuwa mapya.

Usiku wa mwisho nilikula kwenye kibanda cha kababu mtaa wa nyuma, siyo mbali na Omonia. Aliyekuwa akikata nyama alikuwa kijana Msyria, mwenye duka alikuwa mzee wa Kigiriki aliyekaa kwenye kashi. Nilimwomba kijana aongeze mtindi. Nilitaka kumuuliza kama na yeye huwa anakula akimaliza zamu, au anazungusha tu. Sikuwa na lugha ya kumuuliza. Baadaye, nikiwa nalipa, nilimwona ameketi meza ya nje na mzee, sahani moja katikati yao, wanakula kimya kimya kama watu waliochoka pamoja.

Nilimsimulia mama kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sahani moja?"

Nikamwambia ndiyo, mama. Moja.

"Haya," akasema. "Baba angetaka kusikia."